Mlinzi wa Duma na Usiku wa Kahororo

Wako wafasiri wausomao unabii wa Duma, Isaya 21, aya ya 11 na 12, kana kwamba ni kalenda ya Kagera: usiku wa vita mwaka 1978, usiku wa UKIMWI uliotambuliwa mkoani mwaka 1983, usiku wa tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Kila msiba huutafutia mkosaji miongoni mwa waliofiwa. Fasiri hiyo ni dhuluma. Mlinzi alipoulizwa kutoka Seiri alitaja asubuhi na usiku. Mwenye dhambi hakumtaja. Tena, nalo aghalabu huachwa mimbarini, aliwaruhusu waulizao warudi kuuliza. Mjane wa Kahororo, ukuta wake ukiisha kuanguka, akiuliza vivyo hivyo hupewa hukumu badala ya jibu.