WANAUNGA MKONO AU WANAUNGA MBOGA?

Na Mwandishi Wetu

Vijana wa Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe na Maneromango, leo hatuwasemi vigogo wa chama tawala peke yao. Leo tunajisema na sisi wenyewe. Atakayeudhika na audhike.

Liko neno limekuwa tamu mno midomoni mwa wanasiasa wetu: "kuunga mkono". Leo fulani kaunga mkono, kesho kauondoa, keshokutwa kauunga kwingine. Sisi watu wa Pwani tunajua maana ya kuunga. Mboga huungwa kwa nazi, na nazi haidondoki mbinguni, ina mwenyewe. Basi tuwaulize hao waheshimiwa: nazi katoa nani, na mboga anakula nani?

GARI LILISUKUMWA BURE

Waulizeni baba zenu habari za 1995. Augustine Mrema alipoiacha CCM akaingia NCCR-Mageuzi, vijana wa mjini walilisukuma gari lake kwa mikono, jua kali, jasho likiwatiririka. Alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais. Mwaka 1999 akahamia TLP. Mwaka 2016 Rais Magufuli akampa uenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Mwaka 2020 TLP ikaacha kusimamisha mgombea wake wa urais, ikamuunga mkono Magufuli.

Mzee ametangulia mbele ya haki mwaka 2022, Mungu amrehemu. Hatumtukani marehemu. Tunauliza tu: wale waliosukuma gari, kuna aliyewauliza kabla ya kugeuza usukani?

Miaka 20 baadaye filamu ikarudiwa. Julai 28, 2015 Edward Lowassa aliingia Chadema. Akina yakhe wakavua shati za kijani, wakagombana na wajomba zao, wengine wakafukuzwa vibarua. Kura zilizotangazwa kuwa zake zilikuwa 6,072,848. Hizo ni kura za watu wazima waliopanga foleni tangu alfajiri. Machi 1, 2019 akarudi CCM. Februari 2020 Frederick Sumaye naye akamfuata. Wakubwa walirudi kwao. Kijana wa Maili Moja aliyegombana na mjomba wake, yeye alirudi wapi?

KUTOKA UKONGA HADI KISARAWE

Panda daladala ya Gongo la Mboto, pita Pugu, utafika Kisarawe. Njiani utakuwa umelipita jimbo la Ukonga. Mwaka 2015 wana-Ukonga walimchagua Mwita Waitara kwa tiketi ya Chadema. Julai 2018 akahamia CCM, kwa wimbo ule ule wa siku zile, "kuunga mkono juhudi za Rais". Septemba mwaka huo uchaguzi mdogo ukafanyika, akarudi bungeni na shati jipya. Novemba akawa Naibu Waziri TAMISEMI.

Waziri wake alikuwa nani? Selemani Jafo, mbunge wa jirani pale Kisarawe. Na mwaka 2019 wizara hiyo hiyo ndiyo iliyosimamia uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM ikatangazwa kushinda vijiji na mitaa kwa zaidi ya asilimia 99. Hata mchezo wa karata hauna mtu wa kushinda hivyo bila kuficha dume kwapani!

Mwone sasa mkono mmoja ulioondolewa Ukonga ulivyozaa. Mhamaji kapata unaibu waziri. Chama kimepata mbunge. Serikali imegharamia uchaguzi ambao haukuwa na sababu. Kabwela kapata foleni ya pili.

BILI ANALIPA NANI?

Foleni tu ingekuwa nafuu. Desemba 2017 Maulid Mtulia, mbunge wa Kinondoni kwa CUF, alijiuzulu akaenda CCM, kisha CCM ikamsimamisha yeye yeye kugombea kiti alichokiacha. Februari 16, 2018, siku moja kabla ya kura, polisi waliwatawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wakiandamana. Mwanafunzi wa chuo cha NIT, aliyekuwa abiria tu ndani ya daladala, alipigwa risasi akafa. Uchaguzi ule usingekuwapo kama mtu mmoja asingebadili shati.

Mtulia alishinda. Viongozi wa Chadema wakaburutwa mahakamani, na Machi 2020 wakatiwa hatiani. Faini zote zilikuwa shilingi milioni 350. Walalahoi wakachangishana kwa simu, huyu elfu mbili, yule elfu tano. Lakini mmoja wa waliohukumiwa, Dk. Vincent Mashinji, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chadema, alikuwa ameshahamia CCM mwezi mmoja kabla. Faini yake ya milioni 30 ililipwa na CCM. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilifuta hukumu ile. Mwaka huo huo Mashinji akawa Mkuu wa Wilaya ya Serengeti.

Umeona, ndugu msomaji? Mhamaji ana wa kumlipia. Wewe una nani?

TUSIJIPAKE MAFUTA

Msidhani upande wetu ni wa malaika. Julai 2015 Profesa Lipumba alikuwa mezani UKAWA ikimkaribisha Lowassa. Agosti 6 akaachia uenyekiti wa CUF kwa sababu ya Lowassa huyo huyo. Mwaka uliofuata akautaka uenyekiti wake tena, Msajili wa Vyama akamtambua, CUF ikapasuka, na Machi 2019 Maalim Seif na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo.

Huko nako? Mwaka 2020 ACT ilimsimamisha Bernard Membe kugombea urais. Kampeni zikiwa zimepamba moto, Zitto Kabwe na Maalim Seif wakawaambia wananchi wampe kura Tundu Lissu wa Chadema. Membe akasema yeye bado ni mgombea. Jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura, na akapata asilimia isiyofika hata moja. Kama Lissu alifaa Oktoba, kwa nini hakufaa Agosti? Mwanachama wa Kisarawe aliyeamka usiku kubandika picha za Membe alidhalilishwa na chama chake mwenyewe. Membe naye akarejea CCM mwaka 2022.

KWA NINI WOTE WANARUDI ZIZINI?

Msiseme ni uroho tu. Iko kamba. Ibara ya 67 ya Katiba inasema huwezi kuwa mbunge bila kudhaminiwa na chama. Ibara ya 71 inasema ukikiacha chama, ubunge umekwisha. Kwa hiyo mkono wa mbunge si wake, ni wa chama, yeye kaazimwa. Akiutumia kinyume, mwenyewe anadai mali yake.

Na kamba hiyo inakaza shingo za upande mmoja. Novemba 2020 Chadema iliwafukuza wanawake 19 walioapishwa viti maalum. Waliendelea kuvikalia mwaka baada ya mwaka. Sheria ilikuwa likizo!

Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki ya mgombea binafsi tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimkubalia, Bunge likabadili Katiba kumzuia. Akafungua tena, akashinda tena, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale pale Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki za raia wake. Oktoba 2015 Mtikila alikufa kwa ajali huko Msolwa, Chalinze, kwenye barabara hiyo hiyo ya Morogoro inayopita Maili Moja. Uchaguzi wa 2025 nao ulifanyika bila mgombea binafsi.

Badala ya kuikata kamba, wenzetu wameijengea shule. Kwa Mfipa, Kibaha, ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi kusini mwa Afrika, iliyojengwa kwa msaada wa chama tawala cha China. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2018, mwezi ule ule Waitara alipohama. Ilifunguliwa Februari 2022. Kufundisha uongozi si dhambi. Lakini jina la Mwalimu lina somo jingine, nalo halikuanzia Kibaha.

KIPIMO CHA PUGU

Kabla hujafika Kisarawe unapanda vilima vya Pugu. Pale Mwalimu alikuwa akifundisha sekondari. Julai 1954 akawa Rais wa TANU. Mwaka 1955 akatakiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha mshahara. TANU wakati ule haikuwa na jimbo la kumpa, haikuwa na unaibu waziri, haikuwa na shangingi. Alishika chama kwa kupoteza.

Hicho ndicho kipimo. Aliyeondoa mkono akapoteza, mpeni kiti mumsikilize. Aliyeondoa mkono akapata, mpekueni mifuko.

Nacho hakichagui rangi ya shati. Mzee Kingunge Ngombale-Mwiru aliiacha CCM mwaka 2015 akiwa na zaidi ya miaka 80, na hakupewa cheo. Alipita. Dk. Slaa alijitenga na Chadema mwaka huo akimkataa Lowassa, watu wengi wakamheshimu. Mwaka 2017 akateuliwa balozi, heshima ikaingia dosari. Mwaka 2023 akaupinga mkataba wa bandari na Dubai, akavuliwa hadhi ya ubalozi. Hapo kipimo kikamrudishia chake. Humphrey Polepole, aliyekuwa mwenezi wa CCM wakati wa kupokea wahamaji, Julai 2025 aliuachia ubalozi wa Cuba akipinga mambo ndani ya chama chake. Oktoba familia yake ikasema ametekwa. Hata adui wa jana anastahili kupimwa kwa mizani ile ile.

Vijana wenzangu wa Kibaha na Kisarawe, kampeni zikija watakuja na fulana na pilau. Pilau kuleni, ni kodi yenu. Lakini kabla hujabeba bendera ya mtu muulize mambo mawili. Ukiondoka, wewe utapoteza nini? Na je, utapigania mgombea binafsi, ili siku nyingine mkono wako uwe wako?

Akijing'atang'ata, mwacheni asukume gari lake mwenyewe.