Usimnunulie mwanao laptopu ya gemu eti anasomea kompyuta

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na nilikuwa nimepanga kurudi na somo tulivu kuhusu hifadhidata. Somo hilo litangoja. Leo nimerudi na hasira, na naomba mnivumilie.

Jumamosi iliyopita nilipigiwa simu na shangazi yangu. Bonasi ya chai ilikuwa imeingia, akapanda matatu asubuhi kutoka Murang'a hadi Nairobi kumtafutia bintiye laptopu. Binti huyu alianza mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta Septemba, na tangu hapo amekuwa akipanga foleni ya maabara kama watu wanavyopanga foleni ya maji. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya duka moja mjini.

"Mwanangu, huyu kijana wa duka ananiambia mtu wa kompyuta hawezi kusoma bila hii yenye taa nyekundu kwenye kibodi. Ni laki moja na elfu arobaini na tano. Si ndiyo kama yako?"

Ndiyo, ilikuwa kama yangu. Hasira niliyo nayo basi si kwa yule kijana peke yake. Nusu yake nastahili mimi mwenyewe, na nyinyi waprogramu wenzangu mnaosoma hapa mjigawie iliyobaki.

Nieleze. Mwaka 2021 nilipopata kandarasi yangu ya kwanza yenye pesa za maana, nilinunua laptopu ya gemu. Sikuwa na muda wa kucheza gemu. Niliinunua kwa sababu kila mtu aliyejua kompyuta aliniambia "chukua yenye nguvu, itakaa miaka mingi". Nikaenda nayo nyumbani Krismasi, nikaiwasha sebuleni, taa zikawaka rangi saba, jamaa wote wakasema kweli huyu amesoma. Shangazi alikuwepo. Sasa mnaona alikotoa lile wazo.

Kitu ambacho sikumwonyesha shangazi ni maisha ya laptopu ile baada ya Krismasi. Nakaa kwenye SQ, kile kijumba cha nyuma ya nyumba ya mwenyewe, hapa Spring Valley. Kufika Westlands kazini natembea Lower Kabete Road, kama nusu saa hadi Sarit, au napanda matatu. Siku moja nilipita kwenye duka la nyama nikamwomba mwenye duka anipimie begi langu. Laptopu peke yake ilikuwa kilo mbili na nusu, na chaja yake, lile tofali, ilikaribia kilo nzima. Watu walicheka, lakini bega langu halikucheka. Na chaja huwezi kuiacha nyumbani, kwa sababu betri ikiwa mpya ilinipa saa tatu, na baada ya miaka miwili ikawa saa moja na dakika chache. Feni nazo zilikuwa zikinguruma kiasi kwamba mteja mmoja aliniuliza katikati ya mkutano kama kwetu mvua inanyesha.

Mtasema hizo ni hadithi za mtu mvivu wa kubeba mzigo. Haya, twende kwenye hesabu.

Betri ya laptopu hupimwa kwa wati-saa. Mashirika ya ndege huruhusu abiria kubeba betri ya hadi wati-saa 100 bila kuomba kibali maalumu, kwa hiyo watengenezaji hawavuki hapo, hata mashine iwe kubwa namna gani. Sasa chukua laptopu nyepesi yenye betri ya wati-saa 50. Ukiwa unaandika programu na umefungua kurasa kadhaa za intaneti, inakula wati saba hivi. Hamsini gawanya kwa saba, una saa saba. Chukua laptopu ya gemu yenye betri kubwa zaidi, ya wati-saa 60. Kazi ile ile inaweza kula wati 20, maana prosesa yake imejengwa kwa mbio na mara nyingi kadi ya grafiki hailali kabisa. Sitini gawanya kwa ishirini, saa tatu. Hiyo ni siku imetoka kwenye boksi.

Na bado sijafungua gemu. Ukifungua, prosesa na kadi ya grafiki zikifanya kazi pamoja hutaka zaidi ya wati 100, na betri haiwezi kuzitoa kwa raha. Mashine hujipunguzia mwendo yenyewe. Yaani ile nguvu uliyolipia maelfu ya shilingi ipo tu ukiwa umechomeka ukutani. Stima ikipotea, umebaki na mashine nzito, ya polepole, inayokufa haraka.

Na stima hupotea, jamani. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA. Hayo ni makubwa yaliyotangazwa. Yale madogo ya jioni moja mtaani hakuna anayeyahesabu. Mwanafunzi anayekaa hosteli chumba cha watu wanne chenye soketi moja anajua ninachosema.

Kuna na jambo la majina. Yule kijana wa duka atakuonyesha stika inayosema RTX 4060 na kukuambia hiyo ni kadi kali. Hatakwambia kwamba Nvidia wenyewe wanaruhusu kadi hiyo ya laptopu kupewa umeme wa kuanzia wati 35 hadi 115, kadiri mtengenezaji wa mashine alivyoamua. Laptopu mbili, stika moja, nguvu tofauti kabisa. Hata ukitaka nguvu, stika haikuhakikishii. Kama ni nguvu unataka kweli, nunua kompyuta ya mezani. Ina nafasi ya hewa, ina umeme wa kutosha, na kipande kikiharibika fundi anabadilisha kipande hicho tu.

Sasa tujiulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafanya nini. Anajifunza C au Python. Anaandika programu ya mistari mia mbili inayopanga majina kwa alfabeti. Anasoma PDF. Anatazama masomo YouTube. Mwaka wa tatu atafungua Android Studio, na hapo ndipo mashine itapumua kwa shida, lakini itakachokosa ni RAM na diski ya haraka. Kadi ya grafiki ya gemu itakuwa imekaa inatazama tu. Umelipia shamba la ekari tano ili upande sukuma wiki nyuma ya jikoni.

Mnakumbuka Januari 2008? Wakati nchi ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi, wanablogu na waprogramu Wakenya, wengine wakiwa ughaibuni, walijenga Ushahidi kwa siku chache. Wananchi walituma ripoti, ripoti zikawekwa kwenye ramani, na mfumo huo baadaye ukatumika duniani kote. Kompyuta za wakati ule ukizipima leo zinashindwa na simu iliyo mfukoni mwako. Walichokuwa nacho ni wazo, ujuzi na muda wa kukaa mbele ya skrini. Halafu watu wa ukoo huo huo wa Ushahidi walipoamua kutengeneza kifaa chao hapa Nairobi, wakachangiwa pesa kupitia Kickstarter mwaka 2013, walitengeneza nini? BRCK, modemu yenye betri ya kukaa saa nane stima ikipotea. Wahandisi wa mji huu walishajibu swali letu zamani. Kwao la kwanza lilikuwa kifaa kibaki hai, na mbio zilikuja nyuma.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza: "Na akili bandia je?" Laptopu ya gemu ya kawaida ina GB 8 za kumbukumbu ya grafiki. Zinatosha kuendesha modeli ndogo uliyoipakua na kuichezea. Kufunza modeli kubwa hazitoshi hata kidogo. Mwanafunzi anayejifunza anaweza kutumia Google Colab, ambayo hutoa kadi ya grafiki bure kwa muda wenye mipaka, na laptopu yake isipate hata joto. Akifika mwaka wa nne na akawa kweli ndiyo njia yake, atakuwa anajua anahitaji nini. Leo hajui, na mzazi anayelipa hajui zaidi yake.

La pili: "Lakini kwa pesa ile ile napata mashine yenye kasi zaidi." Kweli. Hili sibishani nalo. Na pia ni kweli kwamba laptopu nyingi za gemu unaweza kuongeza RAM baadaye, ilhali nyingi nyepesi zimegandishwa RAM kwenye bodi. Ndiyo maana nasema nunua yenye GB 16 tangu mwanzo. Ila kasi usiyoitumia si faida. Ni uzito tu.

La tatu: "Kijana naye anataka kucheza." Sawa! Kucheza si dhambi. Anayetengeneza gemu, anayehariri video, anayechora majengo kwa 3D, hao wote wana sababu yao na sina ugomvi nao. Ninachokataa ni kumwambia mama mkulima kwamba gemu ni masomo. Kama ni ya kucheza, tuseme ni ya kucheza, kisha aamue kama bonasi ya chai ni ya kazi hiyo.

Kwa anayetaka ushauri kamili, huu hapa. Uzito usizidi kilo moja na nusu. RAM GB 16, diski ya SSD, kibodi isiyouma vidole. Ichajiwe kwa USB-C, kwa sababu hapo chaja ya wati 65 inatosha, unaweza kuazima ya mwenzako, na hata pawabenki kubwa inaweza kukuvusha jioni. Mtumba wa maofisini haujakosea kitu, ThinkPad na Latitude na EliteBook zimejaa mjini, ila usilipe kabla ya kuangalia betri. Kama ina Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakuandikia ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, punguza bei au ondoka. Muuzaji akikataa kukuruhusu kuangalia, amekwisha kukujibu.

Nirudi kwa shangazi. Nilimweleza haya yote kwenye simu, kwa ufupi, huku namsikia yule kijana akiendelea kusifu taa. Shangazi alinyamaza, kisha akauliza swali moja.

"Sasa wewe mbona unayo?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Nilikosea, shangazi. Na nikaona aibu kusema."

Nikapanda matatu nikamfuata mjini. Tulizunguka Moi Avenue mpaka saa tisa, tukapata ya mtumba yenye kilo moja na robo, betri yake ikiwa na zaidi ya asilimia themanini. Elfu hamsini na mbili. Zilizobaki zimelipa hosteli ya muhula ujao, na shangazi amerudi na za mbolea mfukoni. Binti hakufurahi sana, nisiwadanganye. Alitaka taa. Jana alinitumia ujumbe saa nne usiku kwamba stima imepotea hosteli nzima na yeye bado anaandika kazi ya Jumatatu.

Waprogramu wenzangu, nyinyi ndio mnaopigiwa simu na mashangazi. Maneno yetu matatu ya haraka, "chukua yenye nguvu", ni majani ya chai ya mwaka mzima yaliyochumwa kwa mkono. Kabla hujayasema, muulize mnunuzi mwanawe atakaa wapi, atatembea umbali gani, na soketi ni ya watu wangapi.

Haya, anayepinga aandike hapo chini. Ila atuambie kwanza yake ina kilo ngapi, pamoja na chaja.