Usimvute mtu kabla hajakubali

Leo nataka tuongee kuhusu gemu. Kama huna mtoto nyumbani, nivumilie kidogo, unaweza kujikuta humo.

Kwetu wanacheza Minecraft. Kama hujaiona, ni dunia ya matofali. Mtoto anaingia, anakata miti, anachimba mawe, anajenga anachotaka, na hakuna wa kumwambia sasa umemaliza. Ilianzishwa na Markus Persson wa Uswidi, ikatoka rasmi mwaka 2011, na mwaka 2014 Microsoft wakakubali kuinunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Siku niliyosikia hiyo bei niliacha kuwaambia watoto wanacheza na upuzi.

Ndani yake kuna amri inayoitwa /tp. Kila mahali katika dunia ile pana namba tatu: moja ya mashariki na magharibi, moja ya kimo, na moja ya kaskazini na kusini. Unaandika /tp, jina lako na zile namba, na tayari uko pale. Kutembea matofali elfu moja kunachukua karibu dakika nne. Kwa amri ni kufumba na kufumbua. Lakini kosea namba ya kimo uone: utajikuta ndani ya mwamba unakosa hewa, au juu angani, na ukianguka matofali 23 bila kinga yoyote hata afya yako ikiwa kamili, umekufa.

Mzazi mmoja aliniuliza kama huo si uchawi. Hapana, mpendwa. Ni programu inabadilisha namba. Wengine wanasema ni udanganyifu, kwa sababu kwenye mipangilio amri hizi zimewekwa chini ya neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Ni kweli kwamba katika toleo la simu ukiziwasha, dunia ile haikupi tena tuzo za mafanikio. Lakini gemu yenyewe inakuonya kabla hujawasha. Ukishaikubali hiyo gharama, mimi sijaona dhambi. Nikipewa lifti kutoka Kitale hadi Eldoret, siulizi kama ingekuwa haki zaidi kutembea.

Kinachonisumbua ni kingine. Amri hiyo hiyo inaweza kumhamisha mtu mwingine. Andika /tp, jina lake, kisha jina lako, na amesimama mbele yako, apende asipende. Andika /tp @a @s na umewavuta wote walio katika dunia hiyo. Si kila mchezaji ana uwezo huo. Anao mwenye dunia, na wale aliowapa. Kwetu dunia ni ya kijana wangu, iko kwenye simu yake, na dadake anaingia kwa simu ya mama kupitia wifi ya nyumbani.

Jumamosi moja binti alikuwa anajenga nyumba kando ya mto. Kijana alitaka msaidizi wa kuchimba, akamvuta hadi pangoni. Akatoka, akarudi kwa miguu. Akamvuta tena. Mara ya nne yule mtoto akaweka simu chini akalia. Hajui kusoma zile namba. Njia ya nyumbani kwake aliijua kwa miti na vilima alivyopita, na sasa alikuwa gizani, mahali ambapo hakufika kwa miguu yake.

Nikamwita kijana. Nikaanza: huwezi kumhamisha mtu kama kiti. Nilikuwa bado naongea binti aliposema, "Lakini baba, hata wewe ulitutoa Nakuru hivyo."

Sebule ikanyamaza.

Tulihama Nakuru katikati ya muhula wa pili. Barua ya uhamisho ilikaa kwangu wiki tatu. Watoto niliwaambia Alhamisi, na Jumamosi lori lilikuwa mlangoni. Yeye alikuwa Gredi ya 2. Alikuwa na rafiki nyumba ya pili na miche ya sukuma wiki ndani ya mkebe, na mkebe haukupata nafasi kwenye lori. Nilipoulizwa kwa nini, nilijibu kwamba Mungu ametuita. Naamini alituita. Lakini siku ile nililitumia jina lake kufunga mazungumzo, na mtoto alilijua hilo miaka yote hii, mimi nikiwa sijui.

Nilimwambia pole. Mama yao alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na hakunisaidia hata neno.

Najua kuna atakayenitajia Filipo, alivyotoweka kwenye barabara ya Gaza akaonekana Azoto. Sawa. Lakini mimi si Roho Mtakatifu, wala kijana wangu si yeye.

Tena kijana ndiye aliyenifundisha jambo jioni hiyo. Kuna seva ambazo watu wengi wasiojuana wanacheza pamoja, na nyingi zina amri nyingine, /tpa. Haimo kwenye gemu ya kawaida, wenye seva huiongeza. Ukiiandika, unatuma ombi la kwenda kwa mwenzako. Naye anajibu /tpaccept kukubali, au /tpdeny kukataa. Ukitaka yeye ndiye aje kwako, kuna /tpahere, na hiyo pia anaweza kuikataa. Fikiria kila mtu pale angekuwa na /tp tupu: nani angemaliza hata ukuta mmoja?

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, usizime amri. Weka sheria ya nyumba: kumvuta mwingine ni baada ya kumuuliza kwa mdomo, na "ngoja nimalize" ni jibu kamili. Halafu jichunguze wewe mwenye uwezo wa kuwahamisha hao wote.

Fununu za uhamisho zimeanza tena huku kwetu. Barua haijafika, lakini watoto nimeshawaambia. Binti hataki. Tunaongea, na sijui tutafika wapi.

Jana nilijaribu kuingia kwenye dunia yao nikapotea msituni. Kijana amempa dadake uwezo wa amri sasa, na kutoka kwenye kiti akaniuliza, "Baba, nikuvute?" Nikasema ndiyo. Akaniweka juu ya paa la nyumba yake, na sijui kushuka.