Sala za Msafiri wa Angani



Jua likichomoza mara 16 kwa siku moja, Muislamu atasali Alfajiri ngapi? Hiki si kitendawili. Swali hili liliwafikia maulamaa wa Malaysia pale Dk. Sheikh Muszaphar Shukor, bingwa wa maradhi ya mifupa, alipochaguliwa kwenda katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Aliondoka Baikonur, nchini Kazakhstan, tarehe 10 Oktoba 2007, kwa chombo cha Kirusi kiitwacho Soyuz, nao ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kituo hicho kiko kiasi cha kilomita 400 juu yetu, nacho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Kwa hiyo walio humo huyaona macheo mara 16 katika saa 24. Tena mtu huko huelea. Kusujudu si jambo jepesi, na kibla alichokielekea wakati wa kuhirimia huweza kumgeuka kabla hajatoa salamu.

Maulamaa hawakukimbilia kuiharimisha safari, wala hawakumwambia kuwa faradhi imemwondokea. Walikaa na wataalamu wa anga, wakauliza, wakasikiliza, kisha wakatoa mwongozo. Siku ihesabiwe saa 24 kama ya duniani, na nyakati zifuate mahali alipoondokea. Kibla kitafutwe kwa kadiri ya uwezo: kwanza Kaaba yenyewe, kisha usawa wa Kaaba huko juu, kisha dunia, na akishindwa, popote. Asiyeweza kusimama asali kama awezavyo. Na saumu, akitaka, atailipa akirejea, kwani ni msafiri.

Alirejea salama tarehe 21 Oktoba, baada ya kufanya huko majaribio ya kitaalamu, yakiwamo ya chembe za saratani.

Ndugu zangu, wako wazazi wanaoiogopa skuli kwamba itampokonya mtoto dini yake, na wako vijana wanaokiona chuo kuwa kinawachelewesha. Basi zingatieni: mwanachuoni asiyetaka kujua mwendo wa chombo kile asingaliweza kumjibu daktari, na daktari asiyeijali dini yake asingalikuwa na la kuuliza. Elimu mbili zilikutana, na sala ikasimama.

Na sisi tulio na ardhi tulivu chini ya miguu yetu, kibla chetu hakigeuki na adhana i masikioni mwetu, tuna udhuru gani?