Kidhibiti joto cha Mama hakihitaji intaneti

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu si uvivu (haya basi, si uvivu peke yake). Nilikuwa naunda mtambo wa kudhibiti joto chumba kwa chumba. Najua mtacheka: huku Busia na Malaba, jua lilivyo, nani anataka kupashwa joto? Subirini niwajulishe wapangaji wenyewe. Ni vifaranga.

Mama hulea vifaranga wa kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu hapa Rukala, kisha huwauza wakishapita hatari. Ana vyumba vitatu vidogo, kila kimoja na vifaranga kama mia moja na balbu moja nyekundu ya wati 250. Wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki unapunguza kama nyuzi 3 mpaka wazoee hewa ya kawaida. Kwa hiyo vyumba vitatu, umri tatu, joto tatu tofauti. Zamani balbu zote ziliwaka mchana na usiku. Piga hesabu: wati 250 kwa saa 24 ni uniti 6, mara tatu ni uniti 18 kwa siku. Tokeni zilikuwa zikiisha kama sukari msibani.

Rafiki yangu aliye Leeds, Uingereza, ndiye aliyenitia wazimu huu. Kwao nyumba hupashwa kwa maji moto yanayozunguka kwenye rejeta za ukutani (si ile ya gari, ingawa ni ndugu), na yeye amefunga valvu janja kwenye kila rejeta: chumba cha kulala nyuzi 17, cha watoto 19, stoo imefungwa kabisa. Valvu ina betri, mota ndogo inayosukuma kipini, na inaongea na simu yake. Nikasema, hiki ndicho anachokosa Mama.

Nikaagiza soketi janja tatu na vipimajoto vyake. Unapanga kwenye simu: joto likishuka chini ya 32, washa, likifika 34, zima. Wiki mbili nilitembea kifua mbele. Tokeni zilipungua, Mama akanisifu kanisani.

Halafu ikaja usiku mmoja wa mvua mwezi wa nne. Wanaoishi mpakani mnajua simu zetu zina uraia wa nchi mbili: unalala Kenya, asubuhi ujumbe unakukaribisha Uganda. Laini iliyokuwa kwenye ruta yetu ilihamia mnara wa ng'ambo, na data ya nje ya nchi ilikuwa imefungwa. Intaneti ikakatika. Kumbe ile amri ya "washa chini ya 32" haikuwa ndani ya soketi. Ilikuwa kwenye seva, ughaibuni. Soketi ilibaki kama ilivyoachwa, yaani imezimwa, na stima ikiwepo! Kifaranga akihisi baridi huwakimbilia wenzake, wanarundikana, wa chini wanakosa hewa. Asubuhi Mama alihesabu 37 waliokufa katika chumba cha wale wadogo. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba, ile balbu yangu ya zamani haikuwa na akili, lakini ilikuwa inawaka."

Hapo ndipo msimamo wangu ulipozaliwa, na sitauacha: uamuzi wa kuwasha joto ukae ndani ya chumba chenye baridi. Intaneti iwe ya kuchungulia tu. Wenzangu wa programu wananiambia ni mawazo ya kizee, kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye seva na ni rahisi kusasisha. Rahisi kwa nani? Mwaka 2016 Nest, iliyokuwa imeinunua Revolv, ilizima huduma yake, na vile vifaa vya nyumbani ambavyo watu walikuwa wamevilipia vikageuka vipande vya plastiki. Oktoba 2025 Google ikaacha kuhudumia vidhibiti joto vya Nest vya toleo la kwanza na la pili. Vinafanya kazi ukivigusa kwa mkono, lakini simu haivioni tena. Angalau hivyo bado vinapasha. Na valvu ya kawaida ya rejeta, ambayo Danfoss wa Denmark waliibuni mwaka 1943, haijawahi kumuuliza mtu nenosiri. Ndani yake kuna kitu kinachotanuka kwa joto na kusukuma kipini. Basi.

Niliyounda sasa ni hivi: kila chumba kina kibao cha ESP8266, rilei, na kipimajoto DS18B20 kilichoning'inizwa kimo cha mgongo wa kifaranga, pembeni kidogo ya balbu. Ukikiweka chini ya balbu kinapima balbu, si chumba. Rafiki yangu wa Leeds analalamika vivyo hivyo kwamba valvu iliyo juu ya rejeta hudhani chumba kimepata joto kabla hakijapata. Balbu huwaka 32.5 na kuzimika 33.5. Bila hiyo nafasi ya katikati rilei inapiga tak-tak-tak hadi ife.

Kilichonichukua muda si hicho. Ni swali la kipimajoto kinapodanganya. DS18B20 ikipata mshtuko wa stima hujibu 85, na waya ukikatika maktaba ya programu hukupa -127. Nilipojaribu mara ya kwanza sikujali, na kibao kikasoma 85, kikaona chumba ni tanuri, kikazima balbu. Ingekuwa -127 kingewasha bila kukoma na kuwachoma. Sasa namba ya kipuuzi ikirudi mara tatu mfululizo, balbu inawaka dakika kumi na kupumzika kumi, na king'ora kinalia chumbani kwa Mama. King'ora cha waya. Intaneti ipo, inanichorea grafu nizitazame nikiwa Nairobi, na ikifa hakuna kifaranga anayejua.

Stima yenyewe ikipotea, kama usiku wa 25 Agosti 2023 ilipopotea karibu nchi nzima, msimbo wangu ni bure. Mama bado anaweka jiko la makaa tayari, na dirisha nusu wazi kwa sababu moshi wa makaa unaua kimyakimya.

Tumekaa msimu mmoja. Matumizi yameshuka kutoka uniti 18 hadi karibu 11 kwa siku, zaidi kwa sababu chumba cha wiki ya tatu mchana hakiwashi kabisa. Ambalo sijalitatua ni alasiri kali: chumba kinafika 36 na balbu imezimwa, na mtambo wangu unajua kuongeza tu, haujui kupunguza. Mama ameshamwita fundi atoboe dirisha la pili.