Jua la kubandika halimdanganyi mwenyeji

MSOMAJI wangu, leo tuyaweke kando mapenzi na mitindo, tuzungumzie picha ndefu. Zile zinazoshonwa kutoka vipande vinne au vitano mpaka vinakuwa picha moja, pana kama kitenge. Hasa zile za mlima, bahari na jua linalozama, ambazo siku hizi hazikosekani sebuleni wala saluni.

Dada yangu anayo. Mwanawe yuko Cape Town, Afrika Kusini, mwaka wa sita huu hajarudi. Alimtumia picha ya Mlima Meza, jua jekundu limekaa juu ya mgongo wa mlima. Dada akaitia fremu, kila mgeni lazima aoneshwe: "Mwanangu anaishi hapa." Mpaka siku alipokuja jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi kule. Akaitazama, akacheka. "Mama, hapa ni Bloubergstrand. Ukisimama pale, jua halizami juu ya mlima hata siku moja."

Kicheko kile kilimchoma dada. Usiku akanipigia: "Kaka, kama jua ni la uongo, na hiyo kazi anayosema anayo je? Na huko yuko kweli?"

Jamaa alisema kweli. Bloubergstrand ni ufukwe ulio kaskazini ya mlima, ng'ambo ya ghuba. Ukisimama mchangani pale, mlima wenye kimo cha mita 1,086 uko kusini, umeegemea magharibi kidogo. Jua linazama baharini, mkono wako wa kulia. Hata Desemba, linapozama kusini kuliko miezi yote, linakuwa mbali na mlima kwa nyuzi 40 na ushee. Juni ndiyo usiseme, ni karibu nyuzi 100. Ukiutazama mlima, jua liko begani.

Hapo ndipo kushona kunapokuwa na maana. Lenzi ya kawaida haivibebi vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Na si mambo ya jana hayo. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge aliupiga mji wa San Francisco pande zote kwa vipande 13 vilivyopangwa bega kwa bega. Leo programu inatafuta alama zinazofanana kwenye vipande viwili, inavioanisha yenyewe.

Nikampigia mpwa wangu. "Mjomba," akajitetea, "fundi wa studio ndiye aliyebandika jua. Mimi nilitaka mama afurahi tu." Nikamwambia mama atafurahi na jua lilipo. Subiri Desemba, kwa saa za kule linazama karibu saa 2 usiku. Simamisha kamera wima. Kila kipande kirudie theluthi moja ya jirani yake. Kwa lenzi ya milimita 50, vipande vitano vinatosha kutoka jua mpaka mlima.

Kubwa zaidi, funga kipimo cha mwanga. Ukiiacha kamera ijiamulie, ikiliona jua itatia giza, ikiuona mlima itatia mwanga, na anga litatoka na mabaka kama shati lililomwagikiwa jiki. Pima kwenye anga la katikati, kisha usiguse tena. Halafu fanya chapuchapu, maana jua likishagusa maji linamezwa kwa kama dakika tatu. Anzia upande wa jua, umalizie mlimani. Usitembee, zungusha kamera hapo hapo. Mtu akikatiza mbele yako, msubiri apite, la sivyo atatokea mara mbili, au nusu mtu.

Na upepo? Kiangazi cha kule upepo wa kusini mashariki huvuma kwelikweli, unatikisa hata kamera iliyo juu ya miguu mitatu. Lakini ndio huo huo unaoufunika mlima kwa wingu jeupe ambalo wenyeji wanaliita kitambaa cha meza. Fundi wa kubandika angelifuta wingu hilo akidhani ni uchafu!

Kijana alipiga. Jua liko kulia kabisa, dogo, mlima uko kushoto, umepakwa rangi ya chungwa ubavuni. Si tamu machoni kama ile ya kwanza. Ila yule jamaa alipooneshwa hakucheka. Aliweka kidole kwenye picha, akamwonesha dada: "Mama, basi letu lilikuwa likipita hapa." Dada alilala usingizi siku hiyo.

Njia ya mwongo ni fupi, wandugu. Picha ya kushonwa inaruhusiwa kuwa na mishono, haidhuru, mradi vipande vyote viwe vya jioni moja na mahali pamoja. Nanyi wa Tanga msijione wanyonge. Kwenu jua halizami baharini, linashuka upande wa Usambara, na siku ya anga safi milima inajipanga myeusi kama imekatwa kwa mkasi. Funga kipimo, zungusha kamera, shona. Ila jua liacheni lilipo.

Tukutane wiki ijayo.