Namba mbili zinazoweza kumwaga maziwa ya mkulima

Umeme ukikatika kijijini, mwenye mashine ya kusaga huangalia nguzo ya jirani. Muuza samaki hulaumu mvua, na mwenye mahesabu zaidi hulaumu kina cha maji bwawani. Ni wachache wanaofikiri kwamba laini kubwa inaweza kuzimwa ikiwa nzima kabisa, kwa sababu ya namba iliyowekwa vibaya kwenye kifaa kidogo ndani ya kituo cha kupozea umeme.

Kifaa hicho huitwa rilei. Kwenye laini nyingi kubwa huwekwa mbili, moja kila mwisho, nazo huwasiliana muda wote, mara nyingi kwa mkongo wa faiba. Kila moja humwambia mwenzake kiasi cha mkondo kinachopita upande wake. Ni hesabu ya mfugaji langoni mwa josho: walioingia 40 lazima watoke 40. Wakipungua, basi njiani kuna hitilafu, labda waya umegusa mti, na laini hukatwa mara moja.

Ili mazungumzo yasichanganyike, kila rilei hupewa anwani ya kutuma na anwani ya kupokea. Upande mmoja ukituma 1 na kupokea 2, wa pili lazima utume 2 na kupokea 1. Namba hizo hupishana, hazifanani. Fundi mwenye haraka akinakili mpangilio wa upande mmoja na kuupeleka mwingine, rilei hukataana, kengele hulia, na laini hubaki na kinga ya akiba ambayo mara nyingi ni ya polepole.

Hilo ni afadhali. Hatari zaidi ni pale namba zote zinapoachwa sawa, 1 kutuma na 1 kupokea, pande zote mbili. Kila kitu huonekana kinafanya kazi, hadi siku fundi wa mawasiliano atakaporudisha njia kwa makosa ili kupima mkongo. Rilei husikia sauti yake yenyewe ikidhani ni ya mwenzake. Mikondo iliyopaswa kufutana hujumlishwa na kuwa maradufu, na laini iliyobeba mzigo wa kutosha hukatwa bila kosa lolote.

Je, namba moja inaweza kuleta balaa kubwa hivyo? Novemba 9, 1965, rilei katika kituo cha Sir Adam Beck, Ontario nchini Canada, ilikata laini iliyokuwa nzima. Kiwango chake kilipangwa mwaka 1963 na hakikurekebishwa mzigo ulipoongezeka. Laini nyingine nne zikafuata, na watu wapatao milioni 30 wa Canada na kaskazini mashariki mwa Marekani wakabaki gizani. Haikuwa kosa la anwani, lakini ni ugonjwa wa ukoo huo huo: namba ambayo hakuna aliyeirudia kuikagua.

Huku kwetu gharama hiyo humwangukia asiyehusika. Maziwa yanatakiwa kupozwa hadi nyuzi 4 hivi. Kituo cha kukusanyia kisicho na jenereta kikizimikiwa mchana kutwa, maziwa huchacha, mnunuzi huyakataa, na mfugaji hana pa kudai. Chenye jenereta hununua dizeli, na bei ya lita humezwa humo. (Wataalamu wa umeme hawaoni hesabu hiyo, kwa kuwa haimo kwenye vitabu vyao.)

Ni kweli kwamba vijijini nguzo zilizooza na miti hukata umeme mara nyingi zaidi. Lakini nguzo moja huzima kitongoji, laini kubwa inaweza kuzima mikoa. Sasa kuna laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Arusha hadi Singida. Kwenye laini inayovuka mpaka, fundi wa upande mmoja na wa upande mwingine wana waajiri tofauti, kwa hiyo namba lazima zikubaliwe kwa maandishi.

Kuzikagua hakuhitaji mkopo. Ni mafundi wawili, mmoja kila mwisho, wakisomeana namba kwa simu, kisha kuijaribu laini kutoka mwisho hadi mwisho kabla mkandarasi hajalipwa. EWURA huita wadau kutoa maoni maombi ya bei ya umeme yanapowasilishwa. Vyama vya ushirika vya maziwa na wenye mashine waende na swali moja: mwaka huu laini kubwa zimekatika mara ngapi zikiwa nzima, na nani alikagua mipangilio ya rilei zake?